Nyasi za Kwenye Lebo: Namna ya Kusoma Maandishi ya Nyama na Maziwa Nchini Marekani

Wasomaji wetu wengi wanaoishi Marekani wamekulia mahali ambapo ng'ombe kula nyasi si sifa ya kutangazwa. Mfugaji wa Kivu, wa Singida au wa Kajiado hamwambii mnunuzi kwamba ng'ombe wake amelishwa majani, kwa kuwa hakuna anayedhani kuwa amelishwa kitu kingine. Katika maduka ya Marekani mambo ni tofauti. Hapa maneno "grass fed", yaani aliyelishwa nyasi, huandikwa kwa herufi kubwa juu ya pakiti, na mara nyingi pakiti hiyo huuzwa kwa bei ya juu kuliko ile iliyo kando yake.

Somo hili linaeleza maneno hayo yana uzito gani kisheria, maneno gani hufanana nayo bila kuwa na maana yake, na namna mnunuzi anavyoweza kujua analipia nini. Hatumshauri mtu anunue nyama ya aina hii wala aiache. Huo ni uamuzi wa kila familia na mfuko wake. Tunachotaka ni kwamba anayelipa zaidi apate alicholipia.

Kwa nini nyasi zina bei

Ng'ombe wengi wa nyama nchini Marekani huanza maisha yao malishoni pamoja na mama zao. Baadaye hupelekwa kwenye mazizi makubwa ya kunenepeshea, na huko hulishwa kwa miezi kadhaa chakula chenye nafaka nyingi, hasa mahindi. Nafaka humnenepesha mnyama upesi. Ng'ombe anayekula nyasi hadi siku ya kuchinjwa huchelewa kufikia uzito unaotakiwa na huhitaji ardhi kubwa zaidi. Gharama hiyo ni ya kweli, na mfugaji mwaminifu ana haki ya kuirudisha katika bei yake.

Tatizo liko hapa: karibu kila ng'ombe amekula nyasi wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo kusema tu kwamba alikula nyasi hakumtofautishi na wenzake. Jambo la kuuliza ni kama alikula nyasi mpaka mwisho, na ni nani aliyehakikisha.

Maswali matatu ya mnunuzi

Kila usomapo neno la sifa juu ya pakiti ya nyama au chupa ya maziwa, jiulize maswali haya kwa mpangilio:

1. Neno hili linazungumzia nini hasa: chakula cha mnyama, mahali alipoishi, dawa alizopewa, au namna alivyochinjwa?
2. Linahusu maisha yake yote baada ya kuachishwa ziwa, au sehemu tu?
3. Ni nani aliyelithibitisha: muuzaji mwenyewe, au mtu asiyefaidika na mauzo?

Neno likishindwa kujibu mojawapo ya maswali hayo, halijathibitika kuwa la uongo. Lakini halitoshi kuwa sababu ya kulipa zaidi.

Nyama: sheria inalinda hadi wapi

Mwaka 2007 Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, iliweka kiwango cha hiari cha nyama ya mnyama aliyelishwa nyasi. Januari 2016 wizara ilikiondoa kiwango hicho. Wengi walidhani kwamba tangu hapo kila mtu anaweza kuandika apendavyo. Sivyo. Lebo ya nyama yenye dai la namna hii ni lazima ipate kibali kabla ya kutumika, na kibali hutolewa na idara ya wizara hiyo inayosimamia usalama na ukaguzi wa chakula, FSIS.

Kwa mujibu wa mwongozo wa FSIS, maneno "grass fed" yakisimama peke yake yanamaanisha kwamba mnyama, baada ya kuachishwa ziwa, alikula nyasi na malisho mengine ya majani tu. Hakupewa nafaka wala mabaki ya nafaka, na aliweza kufika malishoni wakati wote wa msimu wa majani. Wakati wa baridi, theluji inapofunika ardhi, anaweza kulishwa nyasi zilizokaushwa. Hilo halivunji sharti.

Udhaifu uko kwenye uthibitisho. Kampuni hupeleka maelezo na hati zake, na maofisa huzisoma. Wakaguzi wa FSIS hukaa machinjioni na viwandani. Hawaendi malishoni kumtazama ng'ombe anakula nini. Mwongozo uliotolewa mwaka 2024 unazihimiza sana kampuni zitumie wathibitishaji huru, lakini hauzilazimishi.

Jambo la pili ni kwamba kanuni zinaruhusu dai la sehemu. Lebo inaweza kutaja asilimia fulani ya nyasi, au kusema "grass fed, grain finished", yaani mnyama alianza kwa nyasi na kumalizia kwa nafaka. Lebo hiyo haidanganyi, ila macho ya mnunuzi mwenye haraka huishia kwenye maneno mawili ya kwanza. Soma mstari wote. Ukiona "grass finished", hiyo ni kauli kwamba nyasi ziliendelea hadi mwisho.

Maziwa, siagi na jibini

Maziwa yako chini ya mamlaka nyingine, ile ya chakula na dawa, FDA. Mamlaka hiyo haijaweka maana ya kisheria ya maziwa ya ng'ombe aliyelishwa nyasi, na lebo ya maziwa haihitaji kibali chake kabla ya kufika dukani. Sheria inakataza lebo ya uongo au ya kupotosha, lakini ni vigumu kuthibitisha uongo wa neno lisilo na maana iliyowekwa. Kwa sababu hiyo, maneno yaleyale yakiwa juu ya maziwa yana ulinzi mdogo kuliko yakiwa juu ya nyama, na nembo ya mthibitishaji huru ina umuhimu zaidi.

Rangi nayo isikutoshe. Ni kweli kwamba siagi ya ng'ombe wa malishoni huwa ya manjano zaidi, kwa sababu ya karotini iliyomo katika majani mabichi. Lakini siagi inaweza kutiwa rangi, na sheria ya Marekani haimlazimishi mtengenezaji wa siagi, jibini au aiskrimu kuitaja rangi hiyo kwenye lebo.

Maneno yanayofanana na yasiyo sawa

"Natural". Juu ya nyama, neno hili linamaanisha kwamba haikuongezwa viungo bandia wala rangi, na haikusindikwa sana. Halisemi lolote kuhusu chakula cha mnyama.

"Vegetarian fed". Mnyama hakulishwa mazao ya wanyama wengine. Mahindi na soya ni mimea pia. Kwa hiyo ng'ombe wa zizi la kunenepeshea anaweza kuitwa hivyo.

"Pasture raised". Linazungumzia mahali mnyama alipoishi. Anaweza kuwa malishoni na bado akapewa nafaka.

"USDA Organic". Nembo hii ina nguvu, kwa sababu shamba hukaguliwa kila mwaka na mthibitishaji aliyeidhinishwa. Kanuni zake zinataka ng'ombe wachunge katika msimu wote wa malisho, usiopungua siku 120 kwa mwaka, na katika msimu huo wapate malishoni angalau asilimia 30 ya chakula chao, kikipimwa kikavu. Hata hivyo, nafaka iliyolimwa kwa kanuni hizo inaruhusiwa.

"No hormones added". Juu ya kuku, sifa hii si ya pekee, kwa kuwa sheria haimruhusu mfugaji yeyote kuwapa homoni. Ndiyo maana lebo hiyo hulazimika kueleza kwamba kanuni za serikali zinakataza homoni hizo. Juu ya nyama ya ng'ombe sifa hiyo ina maana, lakini haihusu nyasi.

"Prime", "Choice" na "Select". Haya ni madaraja ya ubora yanayotazama hasa mafuta yaliyotapakaa ndani ya nyama na umri wa mnyama, si chakula chake.

Alama ya halali. Inahusu uhalali wa mnyama na uchinjaji wake kidini. Mnunuzi anayetaka nyama ya halali iliyotokana na nyasi lazima atafute uthibitisho wa mambo yote mawili.

"Product of USA". Kwa miaka mingi nyama iliyoingizwa kutoka nje, ikikatwa au kufungwa upya hapa, iliweza kuandikwa hivyo. Jambo hili liliwagusa wanunuzi wa nyama ya nyasi, kwa kuwa nyingi ya nyama hiyo hutoka Australia, New Zealand na Uruguay. Kanuni iliyotolewa Machi 2024 inataka mnyama awe amezaliwa, amekuzwa, amechinjwa na kusindikwa Marekani, na iliweka tarehe 1 Januari 2026 kuwa mwanzo wa kutekelezwa. Neno hilo linataja nchi tu. Nyama iliyotoka nje inaweza kuwa ya nyasi kamili.

Picha ya kilima cha kijani na ng'ombe mmoja aliyetulia haijibu hata swali moja kati ya yale matatu.

Nembo zenye mkaguzi nyuma yake

Nembo mbili zinafaa kukumbukwa. Ya kwanza ni ya American Grassfed Association, inayotaka mnyama ale nyasi na malisho tu tangu kuachishwa ziwa hadi kuchinjwa, asifungiwe zizini kwa kunenepeshwa, na asipewe homoni wala antibiotiki. Ya pili ni "Certified Grassfed" ya A Greener World, ambayo hupewa mashamba yaliyokwisha kutimiza pia masharti ya shirika hilo kuhusu utunzaji wa wanyama. Zote mbili hukagua mashamba, na zote zinahusu nyama na maziwa.

Kama unanunua moja kwa moja kwa mfugaji sokoni, muulize: Je, walipewa nafaka wakati wowote? Wakati wa baridi hula nini? Miezi ya mwisho kabla ya kuchinjwa huwa wapi? Mfugaji anayejua kazi yake hujibu bila kusitasita, na wengi hukukaribisha ujionee.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano. Nyama ya kusaga ya kawaida inauzwa dola 6 kwa pauni, na yenye lebo ya nyasi dola 9. Familia inayonunua pauni 3 kila wiki huongeza dola 9 kwa wiki, yaani dola 468 kwa mwaka. Hizo ni fedha za viatu vya watoto, au za kutumwa nyumbani kwa wazazi. Si vibaya kuzitumia kwa nyama. Vibaya ni kuzitumia kwa neno lisilo na kitu ndani yake.

Kuhusu afya, nyama ya ng'ombe wa nyasi kwa kawaida huwa na mafuta pungufu na omega-3 nyingi kidogo kuliko ya ng'ombe wa nafaka. Lakini kiasi hicho bado ni kidogo ukikilinganisha na kilichomo katika samaki wenye mafuta, kama samoni. Asiyemudu bei hiyo asidhani kwamba anawanyima watoto wake lishe.

Ukiwa na shaka

Hifadhi pakiti na risiti, piga picha ya lebo yote, na andika jina la duka na tarehe. Kwa nyama, piga simu ya USDA ya nyama na kuku, 1-888-674-6854. Kwa maziwa, peleka malalamiko FDA. Kwa udanganyifu wa kibiashara kwa jumla, iandikie ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo unaloishi, ambayo husimamia sheria za kuwalinda wanunuzi.

Jipime

1. Pakiti ya nyama ina picha ya malisho na maneno "Natural, Vegetarian Fed". Je, ng'ombe alilishwa nyasi tu?
2. Chupa ya maziwa imeandikwa "Grass Fed", haina nembo yoyote. Nani amethibitisha?
3. Pakiti ya nyama ina nembo ya American Grassfed Association. Je, ng'ombe alimalizia kwa mahindi?

Majibu: Kwa swali la kwanza, lebo haisemi, huenda alikula mahindi. Kwa la pili, ni muuzaji peke yake. Kwa la tatu, hapana; masharti ya nembo hiyo hayaruhusu nafaka, na shamba hukaguliwa.