Usisubiri Mpaka Mtoto Alie

Haya mdogo wangu, sogea tuzungumze. Najua umerudi na mfuko wa dawa, daktari kaeleza harakaharaka, na nusu ya maneno yamebaki kulekule koridoni. Saratani yenyewe waachie madaktari. Mimi nataka zile siku za kati ya dripu moja na nyingine, mtoto yuko nyumbani na muuguzi ni wewe.

Mtoto akishachomwa sindano za kutosha, hujifunza kusema "siumwi". Anaogopa ukijua anaumwa utamrudisha kwenye sindano. Basi mtazame. Kaacha kucheza, kajikunja upande mmoja, anang'aka akiguswa: huyo anaumwa. Mchoree nyuso tano, kuanzia inayocheka hadi inayolia, akuoneshe kwa kidole. Kama ameandikiwa mofini ya maji kwa saa maalumu, mpe saa hizohizo, hata kama muda huo anachekacheka, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Nawajua mashangazi watakaonong'ona kwamba hiyo ni dawa ya wanaokufa, au mtoto atakuwa teja. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu, haimfanyi teja. Itamfunga choo, hilo kweli, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Akisinzia hadi haamshiki, au pumzi ikawa ya kusuasua, usiongeze tone, mkimbize hospitali.

Dawa ya kuzuia kutapika nayo hutangulia kichefuchefu, haikifuati. Na jiko la vitunguu litoe nje, harufu hiyo peke yake inatosha kumtapisha. Bibi atalia kwamba mtoto hali. Mwache alie, lakini asimlazimishe. Vijiko vitatu vya uji uliopoa kila baada ya muda ni bora kuliko bakuli zima litakalorudi lote. Mdomo ukiwa na vidonda, weka pembeni ndimu na pilipili. Asukutue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja na robo kijiko cha chai cha chumvi, kisha ateme.

Sasa homa, na hapa sina utani. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, mtoto anabaki hana askari. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, mnaondoka, hata iwe saa nane usiku. Usimpe Panadol kwanza bila kuuliza wodini, maana itaficha homa huku maambukizi yanaendelea. Aspirini usimpe kabisa, huleta kuvuja damu. Mkiwa mbali na hospitali yenu, mkaingia ya karibu, neno la kwanza mlangoni liwe: "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani." Usipolisema watapima malaria, watakupa dawa na kukurudisha nyumbani.

Baba naye ana zamu. Kutuma hela ni vizuri, ila awe mwenye daftari: saa ya dawa, joto, katapika mara ngapi, kapata choo lini. Daktari atalisoma hilo kuliko atakavyosikiliza kumbukumbu zako za usingizini. Na namba ya wodi, pamoja na ya dereva wa bodaboda au bajaji anayepokea usiku, ziandikeni ukutani kwa kalamu nene. Simu ya mama ndiyo ya kwanza kuishiwa chaji.