Thairoidi na Uzazi: Kinga ya Mwili Inapoishambulia Tezi

Shingoni mwa kila mtu, chini kidogo ya kikoromeo, ipo tezi yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Vitabu vingine huiita dundumio. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu, na wengi hawaifikirii mpaka ivimbe na kuwa rovu. Katika makala haya tutaeleza uhusiano wake na jambo ambalo wanafunzi hawalitarajii, yaani uwezo wa mwanamke kushika mimba na kuilea hadi mtoto azaliwe, hasa pale tezi hiyo inaposhambuliwa na kinga ya mwili wa mwenyewe.

Thairoidi huchukua madini ya iodini kutoka katika damu na kuyatumia kutengeneza homoni. Homoni inayotolewa kwa wingi zaidi ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomu 4 za iodini. Thairoksini husimamia kasi ya kazi za mwili: joto, mapigo ya moyo, matumizi ya chakula. Lakini tezi haijiamulii kiasi cha kutoa. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, itoayo homoni ya kuichochea thairoidi, ambayo katika karatasi za maabara huandikwa TSH. Mwalimu anaweza kuufananisha mpango huu na boya la tangi la maji. Maji yakishuka, boya hushuka na kuyafungulia mengine. Yakijaa, boya hupanda na kuyafunga. Ndiyo sababu daktari huanza kwa kupima TSH. Ikiwa juu, mara nyingi maana yake ni kwamba pituitari inaihimiza tezi isiyoitika.

Mwaka 1912 daktari wa upasuaji wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alichapisha maelezo ya wanawake 4 ambao tezi zao zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu. Sababu haikujulikana wakati huo. Mwaka 1956 Roitt, Doniach na wenzao huko London walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa aina hiyo ina kingamwili zinazopambana na protini ya thairoidi yenyewe. Askari walioajiriwa kuwazuia wezi wamemgeukia mwenye nyumba. Ugonjwa huu, uitwao wa Hashimoto, huwapata wanawake kuliko wanaume, na huweza kuibomoa tezi polepole kwa miaka mingi kabla homoni hazijapungua.

Zikipungua, uzazi huguswa kwa njia zaidi ya moja. Ubongo, katika kuihimiza thairoidi, hutoa kwa wingi kichocheo ambacho pia huifanya pituitari itoe prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikizidi, hudhoofisha amri zinazolipevusha yai katika ovari. Hedhi huweza kuwa nzito, au kupotea, na mwezi ukapita bila yai kupevuka. Mimba ikishika, hatari ya kuharibika huwa kubwa zaidi. Tena, thairoidi ya mtoto aliye tumboni haianzi kutengeneza homoni mpaka kama wiki ya 12. Kabla ya hapo ubongo wake hutegemea thairoksini ya mama peke yake.

Mwanamke asiyepata mtoto katika jamii zetu hulaumiwa upesi, hutembezwa huku na huku, na kunyweshwa dawa za kila namna, wakati kipimo kimoja cha damu pengine kingefichua sababu. (Mume naye apimwe: thairoidi si sababu pekee, wala mke si mshukiwa pekee.) Wengi huuliza kama ipo njia ya asili. Neno hilo lataka uangalifu. Kidonge cha levothairoksini kina molekuli ileile itengenezwayo na tezi. Kwa mwanabiolojia, ni vigumu kupata tiba iliyo ya asili kuliko kurudisha kilichopungua. Hakuna mmea uliothibitishwa kuifanya kazi hiyo. Aliyeandikiwa kidonge akakiacha kwa kuambiwa kuwa ni kemikali anajinyima kile hasa anachokihitaji ili apate mtoto.

Iodini nayo imewapotosha wengi. Nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1986, vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizokuwa na rovu kwa wingi, na baadaye chumvi yenye madini joto ikachukua nafasi yake. Huo ulikuwa upungufu wa malighafi. Katika ugonjwa wa Hashimoto malighafi ipo. Kiwanda ndicho kinachobomolewa. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250. Basi chumvi yenye madini joto iendelee kutumika jikoni, lakini matone ya iodini na baadhi ya unga wa mwani huweza kupita kiasi hicho mara nyingi na kuidhoofisha zaidi tezi iliyo mgonjwa. Muhogo mchungu usioandaliwa vema huzuia iodini isiingie katika tezi. Ulioandaliwa vizuri hauna haja ya kuogopwa, wala kabichi iliyopikwa.

Lililo mikononi mwa mgonjwa ni dogo kwa sura, kubwa kwa matokeo. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, hukizuia kisifyonzwe. Vitenganishwe kwa saa 4. Kabla ya kutafuta mimba, TSH ipimwe na kushushwa chini ya 2.5. Mimba ikithibitika, asisubiri: mahitaji ya thairoksini hupanda kwa robo hadi nusu, na daktari aambiwe mara moja ili aongeze kipimo. Baada ya kujifungua kipimo hurudishwa cha awali, na kunyonyesha hakuzuiwi.

Je, mwenye kingamwili hizo lakini homoni zake ni za kawaida? Wapo madaktari waliompa thairoksini kwa tahadhari. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililowahusisha wanawake 952 wa aina hiyo, waliokuwa wamewahi kuharibikiwa mimba au kuchelewa kuipata. Miongoni mwa waliopewa levothairoksini, asilimia 37.4 walizaa mtoto hai baada ya kutimiza angalau wiki 34. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 37.9. Palipopungua, kidonge hujaza. Pasipopungua, hakikuongeza kitu. Madini ya seleniamu nayo yamepunguza kingamwili katika baadhi ya majaribio, lakini haijathibitishwa kwamba huongeza uzazi.

Maswali kwa wanafunzi

1. Thairoksini iliyomo damuni hupungua kwa nusu katika muda wa siku 7 hivi. Mgonjwa ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ameacha vidonge kwa siku 28. Ni sehemu gani ya thairoksini iliyobaki?

2. Kwa kutumia jibu hilo, eleza kwa nini daktari akibadilisha kipimo hungoja kama wiki 6 kabla ya kupima TSH tena, na kwa nini kwa mjamzito hapendi kungoja muda huo.