Bei ya Mchoro Hupimwa na Mtu wa Pili

Ng'ombe hutoa maziwa, shamba hutoa mahindi, nyumba hutoa kodi. Mchoro ukutani hauzai kitu. Anayeununua ili apate faida ana njia moja tu: ampate mtu atakayelipa zaidi yake.

Machi 2025, mnadani New York, mchoro wa msanii wa India M. F. Husain uitwao Gram Yatra, wa mwaka 1954, uliuzwa kwa dola milioni 13.75. Hakuna mchoro wa kisasa wa India uliokuwa umefika hapo. Bei hiyo ilitoka wapi?

Chukua mnada wowote. Tuseme Asha yuko tayari kutoa hadi dola 100, na Juma hadi 60. Dau linapanda, Juma ananyamaza kwenye 60, Asha anachukua kwa 61. Ile 100 ya moyoni mwake haijulikani kamwe, na kama Juma asingefika, Asha angeondoka na mchoro kwa bei ya kuanzia. Aliyepima bei ni Juma. Kwenye mahindi hili halitusumbui, kwa kuwa wanunuzi ni maelfu na gunia hili ni sawa na lile. Mchoro upo mmoja duniani, na wanaoutaka kwa dhati huenda ni watatu. Mmoja akiugua siku ya mnada, bei hubadilika.

Sheria ya India ya mwaka 1972 nayo inagusa idadi hiyo ya wanunuzi. Michoro ya Amrita Sher-Gil, Raja Ravi Varma na wengine wachache iliyoko nchini hairuhusiwi kusafirishwa nje. Ule wa Sher-Gil wa mwaka 1937, The Story Teller, ulipouzwa mwaka 2023 kwa rupia milioni 618, kila mshindani alijua kwamba akishinda utabaki India.

Sasa turudi kwa Husain. Daktari mmoja aliyekuwa Delhi kwa kazi ya Shirika la Afya Duniani aliununua Gram Yatra mwaka 1954 kwa rupia 1,400, takriban dola 295. Zidisha 295 kwa mbili, kisha tena, na tena: utafika milioni 13.75 kati ya mara ya 15 na ya 16. Gawanya miaka 71 kwa mara hizo. Fedha iliongezeka maradufu kila baada ya miaka minne na nusu hivi. Hesabu ni sahihi, lakini imefanywa kwa mchoro ulioshinda. Michoro mingi iliyonunuliwa mwaka huohuo haikurudi mnadani, na ambayo haikurudi haina bei ya kuingiza kwenye wastani. Kila chati ya faida ya sanaa ina shimo hilo, nami huliangalia kwanza.

Mwaka 2006 mfuko mmoja wa sanaa India ulikusanya zaidi ya rupia bilioni 1 kwa wawekezaji, uwarudishie baada ya miaka mitatu. Katikati ukaja mtikisiko wa fedha wa 2008, wanunuzi wakajificha. Siku ya malipo ilipofika mwaka 2009, michoro ilikuwepo, rangi zake zilezile. Fedha haikutosha, na mwaka 2013 mdhibiti wa masoko ya mitaji aliamuru wawekezaji warudishiwe. Gram Yatra, wakati huo wote, ulikuwa ukutani katika hospitali ya Oslo ambayo yule daktari aliizawadia mchoro huo, bila tarehe ya kuuzwa.