Kona ya Dada: Kabla hujanunua rimu pana

Mdogo wangu wa Mahoko, umeniuliza kama Corolla yako ya mwaka 2004 inaweza kuvaa rimu za inchi 18, zile pana zinazochungulia nje ya madigadi. Kuvaa itavaa, fundi akiamua. Mimi nakukataza, na nitakueleza kwa nini, maana najua wenye swali hilo mko wengi. Jumapili mchana ukisimama kando ya barabara hapa Kanama unayaona magari yakiteremka Gisenyi, yameoshwa, yameshushwa, rimu zinang'aa, yanakwenda kupigwa picha ufukweni mwa Ziwa Kivu. Yanapendeza. Kupenda gari zuri si kosa, na sisemi nawe kama mtoto. Ninachotaka ni kwamba siku ukitoa hela yako uwe unazijua namba za gari lako.

Anza na matundu ya nati, kwa sababu hapo hakuna kubahatisha. Corolla ni jina moja tu, lakini magari yenyewe hayafanani chini. Iliyouzwa Ulaya mwaka 2004 ina nati 4 kwenye duara la milimita 100, na utaona imeandikwa 4x100. Iliyouzwa Marekani mwaka huohuo ina nati 5, yaani 5x100. Kizazi kilichofuata, zile za Ulaya zikawa 5x114.3 na nyingi za Marekani zikabaki 5x100. Kwetu Rwanda yanaingia ya kila upande, mradi usukani uwe kushoto. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hizi ni rimu za Corolla", bado hajakwambia kitu. Kosa ninaloliogopa kuliko yote hapo ni lile la milimita chache: rimu ya Volkswagen Golf yenye 5x112 kulazimishwa kwenye RAV4 yenye 5x114.3. Tofauti ni milimita 2.3 tu. Nati zinaingia, zinakazwa kwa nguvu, gari linaondoka. Lakini zimekaa upande, zinavuta boliti kila tairi linapozunguka, na mwisho wake ni nati kulegea au boliti kukatika ukiwa kwenye mteremko.

Halafu kuna tundu la katikati, linalokaa juu ya kitovu cha gari. Kwenye Corolla kama yako kitovu ni milimita 54.1, kwenye RAV4 ni 60.1, kwenye Volkswagen Polo ni 57.1. Rimu nyingi za dukani hutobolewa tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie magari mengi. Tundu likiwa kubwa, tafuta ringi ya kujaza nafasi iliyobaki. Ni kitu cha bei ndogo, na usipokiweka usukani unaweza kutetemeka ukifika kilomita 80, nawe ukaenda kubalansi tena na tena bila kupona. Tundu likiwa dogo kuliko kitovu, rimu hiyo si yako. Usikubali ichongwe na mtu mwenye tupa mkononi.

Sasa tufike kwenye ofseti, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi na ndiyo wasiyoiuliza. Angalia nyuma ya rimu, utaona herufi ET na namba, kwa mfano ET45. Namba hiyo ni milimita kutoka mstari wa kati wa upana wa rimu hadi pale rimu inapogusana na kitovu. ET ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani, kuelekea shokapu. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Lakini usiisome peke yake, isome pamoja na upana, ule ulioandikwa 6J au 7J, ambao hupimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Fuatana nami kwenye hesabu hii. Tuseme rimu yako ya sasa ni 6J ET45, na uliyoipenda ni 7.5J ET35. Upana umeongezeka inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Nusu yake, 19, inakwenda nje, na nusu inakwenda ndani. ET imepungua kwa 10, kwa hiyo gurudumu zima limesogezwa nje milimita 10. Ukingo wa nje sasa umetoka milimita 29 kuliko mwanzo. Ukingo wa ndani umesogea kwenye shokapu milimita 9. Chukua rula uzitazame milimita 29 zilivyo, kisha kachungulie nafasi iliyopo kati ya tairi lako na madigadi. Utajijibu mwenyewe.

Kama muuzaji amepaka rangi juu ya namba, bado unaweza kupima. Ilaze rimu uso chini, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka ubaoni kushuka hadi pale inapokaa kwenye kitovu. Toa nusu ya upana kamili wa rimu, ukikumbuka kwamba upana kamili unazidi ule ulioandikwa kwa karibu inchi moja, kwa sababu ya midomo yake. Rimu ya 8J ina upana kamili wa karibu milimita 229, na nusu yake ni 114. Ukipata kina cha 150, ET yake ni kama 36. Fundi asiyeweza kukufanyia hesabu hii asikuchagulie rimu.

Gurudumu likitoka nje kuna ubaya gani, zaidi ya kusugua? Waliotengeneza gari walipanga mstari ambao gurudumu la mbele hugeukia, ukateremka hadi ardhini karibu na katikati ya tairi. Ukilisukuma gurudumu nje, umeliweka mbali na mstari huo. Hapo shimo likipiga tairi moja, au ukishika breki upande mmoja kuna mchanga na mwingine ni lami, usukani unakuvuta. Beringi nazo zinabeba uzito kwa namna ambayo hazikupangiwa, zinaanza kulia mapema. Sasa fikiria barabara yetu. Kutoka Bigogwe, penye mwinuko unaopita mita 2,000, unashuka hadi Kivu iliyo kwenye mita 1,460 hivi, kona baada ya kona, na malori yaendayo mpakani mbele na nyuma yako. Unashika breki njia nzima. Hapo si mahali pa kuwa na usukani unaovuta.

Ukubwa wa rimu nao una gharama yake, na unailipa kwenye mpira. Corolla nyingi za umri wa yako zilitoka na 195/60R15. Namba ya kati ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 60 ya upana wake wa 195, yaani milimita 117. Huo ndio mto unaokulinda wewe, rimu na shokapu. Ukienda inchi 17 kwa 205/45R17, ubavu unabaki 92. Ukienda 18 kwa 215/35R18, unabaki 75. Umetupa zaidi ya theluthi. Kwa njia za udongo zinazopanda kutoka Mahoko kwenda milimani, zenye mawe yaliyojitokeza baada ya kila mvua, milimita 75 ni chache mno. Mnakumbuka Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na kuacha matope na mawe mpaka kwenye makazi ya watu. Na wengi wenu mnavuka kwenda Goma, ambako mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na 2021, yana ncha kama chupa iliyovunjika. Jiwe la aina hiyo likikuta ubavu mfupi, linachana tairi na kupinda rimu kwa pigo moja. Ubavu ukishachanika hauzibwi, tairi hilo limekwisha.

Kama unadhani rimu kubwa ndiyo alama ya gari lenye nguvu, watazame wanaojua kazi. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Sébastien Ogier alishinda akiwa na Toyota Yaris. Magari ya daraja lake kwenye vumbi na mawe huvaa rimu za inchi 15 zenye tairi nene. Magari hayohayo yakienda mashindano ya lami safi, huvaa inchi 18. Timu zile zina fedha za kununua rimu yoyote duniani, na njia ya mawe inawafanya wachague 15.

Kuna namba nyingine ubavuni mwa tairi ambayo watu huiruka: ya uzito ambao tairi linaweza kubeba. 88 maana yake tairi moja linabeba kilo 560. 84 ni kilo 500. Matairi mengi ya 215/35R18 ni 84, kwa hiyo kama ya asili yalikuwa 88, kwa magurudumu manne umepoteza kilo 240. Wewe unayewabeba jamaa watano kwenye harusi, na Jumatatu unapakia magunia ya viazi, usiichukulie hii kama habari ndogo.

Na kipenyo chote cha tairi kisizidi cha asili kwa zaidi ya asilimia 3. Kikizidi kwa 5, sindano ikisoma 60 gari linakwenda kasi kwa kilomita 3 zaidi ya lilivyokuwa likienda zamani kwenye 60 hiyohiyo, na Sofia, ile kamera ya kasi pale kando ya barabara, haisomi sindano yako.

Kuhusu spesa, zile sahani za kusukuma gurudumu nje, msimamo wangu ni mkali: kwa barabara yetu sizitaki. Kama tayari unazo, fungua nati kwa mkono ukihesabu mizunguko. Kwa nati za Toyota za M12x1.5 isipungue 8. Chini ya hapo nati imeshika uzi kidogo mno, spesa hizo ziondoe leo. Kagua pia umbo la nati zenyewe. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani, zile za aluminiamu, hutumia nati yenye washa bapa. Rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye ncha ya pia. Volkswagen hutumia boliti ambazo sehemu inayokaa kwenye rimu ni ya mviringo. Ukichanganya, zinalegea. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, 103 Nm kwa Corolla na RAV4, na zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya Musanze na kurudi inatosha.

Ukienda kununua, iwe Gatsata jijini Kigali au Kisekka kule Kampala, nenda mchana, usiende usiku ukategemea taa. Zungusha rimu uone kama imepinda, pitisha kidole ukingoni ndani, kwa sababu ufa huanzia huko na rangi mpya huuficha. Rimu ya Kijapani iliyopimwa huwa na alama ya JWL, mara nyingi pamoja na VIA. Tairi litazame tarehe: tarakimu nne za mwisho za DOT, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kabla hujalipa, rimu ifungwe moja mbele, watu wanne wapande, ukate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha upande polepole juu ya tuta. Ukisikia msuguano wowote, acha.

Basi jibu lako, mdogo wangu. Kwa Corolla ya 4x100 na kwa njia tunazopita, chukua inchi 16, upana 6.5J au 7J, ET kati ya 40 na 45, na tairi la 195/55R16. Ubavu unabaki milimita 107, umepoteza 10 tu. Kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 1 hivi. Gari litajaa vizuri chini ya madigadi na bado litakufikisha Goma na kukurudisha. Usishushe springi kabla hujafanya jaribio la watu wanne. Hela itakayobaki nunua pedi za breki zilizo bora.

Nanyi wengine wenye Golf, RAV4 na Carina, msinitumie picha za rimu mlizozipenda. Nitumieni namba tano: matundu ya nati na duara lake, tundu la katikati, upana wa rimu, ET, na saizi ya tairi mliyo nayo sasa. Nitawajibu mmoja mmoja.