Uvaroviti, Ganeti ya Kromiamu: Tabia Zake na Uainishaji Wake

Utangulizi

Mwanafunzi akiwekewa mezani kokoto tatu za kijani, na kutakiwa azitaje kwa majina, aghalabu huanza na rangi. Akiona kijani kilichokolea husema ni zumaridi, na hapo uchunguzi wake hukoma. Desturi hii ni ya kale, na wafanyabiashara wa vito waliitegemea kwa karne nyingi. Katika elimu-madini, hata hivyo, ni desturi yenye hasara. Kokoto ya kwanza yaweza kuwa zumaridi ya Manyara, ya pili grosulari ya Taita au Simanjiro, na ya tatu uvaroviti ya milima ya Ural nchini Urusi. Huenda elementi ya kromiamu imechangia rangi ya zote tatu; hata hivyo hayo ni madini matatu yaliyo mbalimbali kwa kemia na kwa umbile la ndani.

Makala hii inaeleza tabia za uvaroviti na nafasi yake miongoni mwa madini. Madini haya ni adimu, na vito vikubwa havipatikani kwayo. Lakini yana faida kubwa kwa mwalimu. Katika zumaridi na yakuti kromiamu ni mgeni, aliyeingia kwa kiasi kidogo mahali pa alumini. Katika uvaroviti kromiamu ni mwenyeji. Mwanafunzi akiielewa tofauti hiyo ya mgeni na mwenyeji ameushika msingi wa uainishaji wa madini.

Kugunduliwa kwake

Kromiamu yenyewe iligunduliwa mwaka 1797 na mwanakemia Mfaransa, Louis Nicolas Vauquelin, alipochunguza mawe mekundu yenye risasi yaliyoletwa kutoka Ural. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, na linaifaa: katika maabara ya shule kromati huonekana ya manjano, dikromati ya rangi ya chungwa, na chumvi nyingi za kromiamu yenye valensi 3 huwa za kijani au za zambarau.

Mwaka 1832 Germain Henri Hess, mwanakemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St. Petersburg, alieleza ganeti mpya ya kijani kutoka Ural. Aliiita uvaroviti kwa heshima ya Sergei Uvarov, ambaye wakati huo alikuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Urusi. Wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wanalijua jina la Hess kwa jambo jingine: ndiye aliyetoa mwaka 1840 kanuni ya kujumlisha joto la mabadiliko ya kikemia. Vielelezo mashuhuri vya uvaroviti hadi leo hutoka Sarany, katika Ural, na Outokumpu nchini Finland, ambako fuwele zake ni kubwa kuliko kawaida.

Muundo wa ndani

Fomula ya uvaroviti safi ni Ca₃Cr₂(SiO₄)₃. Atomi zake zimekaa katika nafasi za namna tatu. Kila atomi ya silikoni imezungukwa na oksijeni 4, zikifanya umbo la nyuso nne. Kila ioni ya kromiamu imezungukwa na oksijeni 6, na kila ioni ya kalsiamu na oksijeni 8. Maumbo ya silikoni hayagusani. Kila moja limesimama peke yake kama kisiwa, likiunganishwa na mengine kwa njia ya kalsiamu na kromiamu. Silikati za namna hii huitwa silikati za visiwa.

Kutokana na fomula hiyo mwanafunzi aweza kupata uwiano wa oksaidi zilizomo. Jumla ya uzito wa fomula ni 500.5, nao hugawanyika hivi:

Oksaidi ya silikoni (SiO₂): asilimia 36.0
Oksaidi ya kalsiamu (CaO): asilimia 33.6
Oksaidi ya kromiamu (Cr₂O₃): asilimia 30.4

Uvaroviti ya asili ni nadra kuwa safi hivyo, kwa maana alumini na chuma huchukua sehemu ya nafasi za kromiamu.

Fuwele zake ni za mfumo wa mchemraba. Kizio kimoja cha fuwele kina ubavu wa nanometa 1.20 hivi, na ndani yake mna fomula 8, yaani atomi 160. Kwa tarakimu hizi densiti yaweza kukadiriwa bila kulipima jiwe. Tungamo la fomula 8 ni 8 × 500.5 ÷ (6.022 × 10²³), yaani gramu 6.65 × 10⁻²¹. Ujazo wa kizio ni sentimeta za ujazo 1.73 × 10⁻²¹. Tukigawanya twapata densiti ya gramu 3.85 kwa kila sentimeta ya ujazo. Vielelezo vya asili huwa chini kidogo ya hapo, karibu 3.8, kwa sababu alumini iliyomo ni nyepesi kuliko kromiamu.

Tabia zinazoonekana

Uvaroviti ina ugumu wa 6.5 hadi 7.5 kwa kipimo cha Mohs, hivyo hukwaruza kioo. Mng'ao wake ni wa kioo, na unga wake ni mweupe ijapokuwa jiwe ni la kijani. Haina mpasuko, ikivunjwa hutoa vipande visivyo na mpango, pengine vyenye mikunjo kama ya gamba la kombe. Nuru inayoingia ndani yake hupindwa sana, kwa kipimo cha 1.86 hivi, ilhali kipimo cha kioo cha dirisha ni 1.5. Maumbo ya kawaida ya fuwele ni yale ya nyuso 12 na ya nyuso 24.

Fuwele nyingi hazifiki milimeta 2. Hutanda juu ya mwamba kama sukari ya kijani, na kwa hiyo ni shida kuzichonga kuwa vito. Mara nyingi huuzwa zikiwa zimeshikamana na jiwe lililozibeba.

Asili ya rangi yake

Ioni ya kromiamu yenye valensi 3 ina elektroni 3 katika tabaka la d. Ikizungukwa na oksijeni 6, ngazi za nishati za tabaka hilo hugawanyika katika mafungu mawili. Elektroni huruka kutoka ngazi ya chini hadi ya juu kwa kufyonza nuru ya kiasi maalumu. Katika uvaroviti nuru inayofyonzwa ni ile ya upande wa urujuani na buluu, na ile ya upande wa machungwa na nyekundu. Inayosalia na kupita ni kijani.

Yakuti nayo imetiwa rangi na kromiamu. Lakini nafasi za alumini katika yakuti ni finyu, na oksijeni zimeikaribia ioni zaidi. Umbali baina ya ngazi za nishati huongezeka, na nuru ya kijani ndiyo inayofyonzwa. Yakuti huonekana nyekundu.

Ushahidi wa jambo hili upo Longido, kaskazini mwa Arusha. Huko hupatikana mwamba ambamo yakuti nyekundu zimepachikwa ndani ya zoisaiti ya kijani. Katika jiwe moja kromiamu imetoa wekundu upande mmoja na ukijani upande wa pili. Ikiwa elementi moja yaweza kutoa rangi mbili zinazopingana kiasi hicho, basi rangi peke yake haitoshi kulipa jiwe jina.

Uainishaji

Uvaroviti huainishwa kwa kushuka ngazi. Kwanza, kwa kuwa ina silikoni na oksijeni zilizofungamana, ni silikati. Pili, kwa kuwa maumbo ya silikoni yamejitenga, ni silikati ya visiwa. Tatu, kwa mpangilio wa atomi zake, ni ganeti. Mwisho hutazamwa ni elementi zipi zinazotawala kila nafasi.

Ganeti zinazofundishwa shuleni kwa kawaida ni sita:

Piropo: magnesiamu na alumini
Almandini: chuma na alumini
Spesatini: manganizi na alumini
Grosulari: kalsiamu na alumini
Andraditi: kalsiamu na chuma
Uvaroviti: kalsiamu na kromiamu

Tatu za kwanza huwa na alumini katika nafasi ya oksijeni 6. Tatu za mwisho huwa na kalsiamu katika nafasi ya oksijeni 8. Orodha hii si kamili. Kwa mfano, mwaka 1968 ilielezwa ganeti ya magnesiamu na kromiamu kutoka Kao nchini Lesotho, ikaitwa noringaiti kwa heshima ya mtaalamu Oleg von Knorring. Mwaka 2013 Umoja wa Kimataifa wa Elimu-Madini uliidhinisha mpango unaozikusanya ganeti zote katika kundi kuu moja, ambalo wakati huo lilikuwa na aina 32.

Elementi hizi hubadilishana nafasi kwa urahisi, hivyo ganeti ya asili ni mchanganyiko. Kanuni ya kuipa jina ni moja: elementi iliyo nyingi kuliko kila nyingine katika nafasi husika ndiyo inayotoa jina. Tuchukue mifano mitatu ya darasani, yote ikiwa na kalsiamu katika nafasi ya kwanza, na jumla ya atomi 2 katika nafasi ya pili.

(a) Kromiamu 1.10, alumini 0.70, chuma 0.20. Kromiamu imezidi nusu. Jiwe ni uvaroviti.

(b) Alumini 1.85, kromiamu 0.12, vanadiamu 0.03. Jiwe ni la kijani, lakini alumini ndiyo mwenyeji, ni grosulari.

(c) Kromiamu 0.90, alumini 0.60, chuma 0.50. Kromiamu haikufika nusu, lakini hakuna elementi moja iliyoizidi. Jiwe ni uvaroviti.

Kwa nini ni adimu

Kromiamu si haba sana duniani. Gamba la dunia lina takribani sehemu 100 katika kila milioni. Uadimu wa uvaroviti hutokana na elementi zake kuishi mbalimbali. Kromiamu hukusanyika katika miamba mizito iliyotoka chini ya gamba la dunia, ambayo ina magnesiamu tele na kalsiamu kidogo. Huko kromiamu hujifunga katika kromaiti, ambayo ni oksaidi wala si silikati. Kalsiamu nayo hujaa katika mawe ya chokaa, ambayo kwa kawaida hayana kromiamu. Ili uvaroviti ifanyike, yapasa vimiminika vya moto vipite katika nyufa za mwamba wenye kromaiti, vikibeba kalsiamu na silika. Au mawe ya chokaa yapikwe kwa joto la ardhini karibu na chimbuko la kromiamu. Ndiyo maana huko Sarany fuwele za kijani hutanda katika nyufa za kromaiti nyeusi.

Kijani cha Afrika ya Mashariki

Mwaka 1967 mtaalamu wa miamba Campbell Bridges alipata grosulari ya kijani kaskazini mashariki mwa Tanzania, na miaka michache baadaye akaipata Taita nchini Kenya. Jina lake la biashara, tsavoraiti, limetokana na Tsavo. Rangi yake huletwa na vanadiamu na kromiamu kidogo, wageni wote wawili. Kuiita uvaroviti kwa sababu ni ganeti na ni ya kijani ni kosa, nalo si kosa dogo. Mchimbaji asiyejua alichokishika hawezi kukitetea mbele ya mnunuzi, na jina lisilo sahihi katika ripoti humpeleka mtafiti kutafuta miamba ya kromaiti mahali isipokuwapo.

Vipimo viwili rahisi husaidia. Densiti ya zumaridi ni karibu 2.7, ya tsavoraiti 3.6, na ya uvaroviti 3.8. Kipimo cha kupinda nuru ni 1.58 kwa zumaridi, 1.74 kwa tsavoraiti, na 1.86 kwa uvaroviti. Andraditi ya kijani, hata hivyo, ina densiti ya 3.8 na hupinda nuru kwa 1.88, hivyo vipimo hivi haviwezi kuitenga na uvaroviti kwa hakika. Hapo hapana budi kupima elementi zenyewe maabarani.

Hitimisho

Uvaroviti yafundisha kwamba jina la madini hutokana na mambo mawili: mpangilio wa atomi, na elementi inayotawala kila nafasi. Rangi ni dalili ya kuanzia uchunguzi, wala si hukumu ya kuumaliza.

Maswali

1. Tafuta asilimia ya kromiamu, si ya oksaidi yake, katika uvaroviti safi.

2. Kokoto ya kijani ina uzito wa gramu 7.2 hewani, na gramu 5.2 ikitumbukizwa majini. Tafuta densiti yake. Je, yaweza kuwa zumaridi? Yaweza kuwa uvaroviti?

3. Ganeti yenye kalsiamu ina chuma 0.95, kromiamu 0.85 na alumini 0.20 katika nafasi ya oksijeni 6. Itaje jina, na ueleze sababu.

4. Eleza kwa nini yakuti ni nyekundu na uvaroviti ni ya kijani, ijapokuwa rangi zote mbili zimeletwa na elementi moja.