Usiku Mfalme Alipokosa Usingizi

JUMATANO

Kila kisa kina msuko wake, yaani jinsi matukio yanavyofungamana, moja likizaa jingine, tangu tatizo linapoanza mpaka linapotatuliwa. Visa vya Biblia ni habari za kweli, lakini navyo vimesimuliwa kwa mpangilio. Mwandishi hutaja jambo mapema, kisha huliacha mpaka wakati wake ufike. Asomaye kwa haraka hukumbuka matukio tu. Afuataye msuko huanza kuuona mkono unaoyaongoza.

Soma Esta 2:21–23, 3:1–13, 5:1–14 na 6:1–14. Ni jambo gani dogo la sura ya 2 linalogeuza mambo yote katika sura ya 6?

Mordekai alifichua njama ya kumuua mfalme Ahasuero. Tendo hilo likaandikwa kitabuni, basi. Katika fungu linalofuata, anayepandishwa cheo ni Hamani! Ndipo barua zikapelekwa katika majimbo yote ya ufalme, ambayo yalikuwa 127, kwamba siku ya 13 ya mwezi wa 12 Wayahudi wote waangamizwe.

Tangu hapo hatari inazidi kukua. Baada ya kufunga siku 3, Esta anaingia kwa mfalme bila kuitwa. Anaulizwa haja yake, lakini anaomba mfalme na Hamani waje tena karamuni kesho yake. Biblia haielezi kwa nini aliahirisha. Siku hiyohiyo Hamani anatengeneza mti wa dhiraa 50 ili Mordekai atundikwe asubuhi. Na usiku huo, kati ya karamu mbili, mfalme anakosa usingizi.

Angalia kila mmoja alijua nini. Mfalme hakujua habari za ule mti. Hamani hakujua kilichokuwa kikisomwa mbele ya mfalme, wala kwamba malkia ni Myahudi. Katika maandiko ya Kiebrania ya kitabu hiki jina la Mungu halitajwi hata mara moja, lakini msuko wenyewe unashuhudia. Kama Mordekai angalipewa heshima yake siku ileile aliyostahili, mfalme asingekuwa na deni la kulipa asubuhi ile. Kilichoonekana kuwa kusahauliwa kilikuwa akiba.

Kuanzia hapo mambo yanapinduka. Pete aliyopewa Hamani (3:10) inavaliwa na Mordekai (8:2). Mti uliotengenezwa kwa ajili ya Mordekai unamtundika Hamani (7:10). Maombolezo ya 4:3 yanakuwa furaha ya 8:17.

Hata hivyo, tusijifunze somo lisilokuwapo. Kwanza, maongozi ya Mungu hayakuondoa wajibu wa mwanadamu: bado ilimpasa Esta kuhatarisha maisha yake na kusema (4:14–16, 7:3, 4). Pili, si kila mwaminifu huiona sura yake ya 6 akiwa hai. Waebrania 11:35–40 inataja walioteswa na kuuawa bila kuipokea ahadi. Kwa hiyo tusimwambie ndugu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya Sabato kwamba usiku huu mwajiri wake atakosa usingizi. Tunachoweza kumwambia ni kwamba tendo lake limeandikwa (Malaki 3:16), na kwamba kisa cha pambano kuu hakiishii kaburini (Ufunuo 21:4).

Sisi tunaosoma tunajua mwisho. Mordekai, alipovaa gunia langoni pa mfalme, hakuujua. Imani ni kutenda haki katika sura ya 4 kwa kumwamini Yeye aijuaye sura ya 6.

Je, katika darasa lenu yupo aliyetenda mema akasahauliwa? Mtamtia moyo kwa maneno gani, na kwa tendo gani juma hili, bila kumwahidi jambo ambalo Mungu hakuliahidi?