Kichungi cha Mashine ya Kufulia: Namna ya Kudai Sheria Itakayofanya Kazi

Nguo za poliesta, nailoni na akriliki hunyonyoka nyuzi za plastiki kila zinapofuliwa. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki huweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mfuo mmoja wa mashine. Nyingine hufika baharini. Nyingine husalia kwenye tope la majitaka.

Kichungi huzinasa mapema, lakini wachache watakinunua kwa hiari. Mkenya anayetaka sheria ana pa kuanzia: Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lishirikishe wananchi. Ukiandika maoni yako, zingatia haya.

Bisha hodi panapohusika. Viwango vya mashine zinazoingia nchini husimamiwa na KEBS, shirika la kitaifa. Huduma za maji na majitaka ziko chini ya kaunti.

Dai tarehe pamoja na kipimo. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2020 iliagiza mashine mpya ziwe na kichungi kuanzia Januari 2025. Siku ikafika kanuni za utekelezaji hazijatolewa. Taja basi kichungi kinase kiasi gani cha nyuzi, na nani atakipima.

Jibu hoja ya gharama kabla haijaulizwa. Mwaka 2023, Gavana Gavin Newsom wa California alikataa kutia saini mswada wa vichungi, akitaja mzigo kwa wanunuzi. Pendekeza hoteli, hospitali na madobi wakubwa watangulie, kwa kuwa mashine zao hufua mchana kutwa. Za nyumbani zifuate.

Weka ushahidi. Mjini Parry Sound, Kanada, nyumba 97 zilifungiwa vichungi. Nyuzi katika maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafishia majitaka zikapungua kwa asilimia 41.

Sema uchafu wa kichungi uende wapi. Mtu akikisuuza kwenye sinki, nyuzi zimerudi kulekule. Maelekezo ya mashine yaagize ukwanguliwe na kutupwa pamoja na taka ngumu.

Sheria ikichelewa, nyumbani punguza nyuzi zinazonyonyoka: fua kwa maji baridi na kwa muda mfupi, mashine ikiwa imejaa. Nguo zitadumu, na bili ya umeme itapungua.